Kinanda cha Kalondu, Saksafoni ya Faki

Mbooni, Machakos
6 Machi 1977

Kaka Faki,

Barua hii naituma kwa duka la shangazi yako Halima hapo Kitui mjini, kwa maana ndiyo anwani pekee niliyobaki nayo tangu bendi ya hoteli ivunjike. Imekuwa miaka minane. Kama umehama, Halima atajua ulipo. Kama hutaki kuandikiwa na mimi, atajua pia, naye ataniambia bila kuzunguka, namjua.

Niko Mbooni kwa mume wangu Mbuvi. Tunalima kahawa, na bei ya kahawa mwaka huu imewainua watu hapa mlimani. Nyumba ambazo hazikuwa na redio sasa zina gramafoni. Jumapili napiga kinanda cha kanisa, kile cha kukanyaga ndipo kipate upepo. Vidole vyangu havijalala, ila miguu imesahau besi.

Sasa sikia sababu ya kukuandikia. Nzioka, yule aliyekuwa akipiga dramu nyuma yetu, amefungua studio ndogo Nairobi. Hoteli moja ilipofunga alinunua kinanda chake cha umeme, kikubwa, chenye safu mbili za kupigia kwa mikono na mbao za kupigia besi kwa miguu. Anataka tutoe santuri kubwa, pande zote mbili, mimi na wewe, naye nyuma kwenye dramu. Anataka jazi yetu ya Jumapili saa kumi, ile ya nusu kanisa nusu dansi ambayo wageni wa hoteli walikuwa wakiiita soul. Amesema hataki mwimbaji. Amesema tuingie studio Agosti.

Nilimwambia siwezi kukujibia. Kwa hiyo naomba unijibu mwenyewe.

Dada yako,
Kalondu


Kitui
20 Machi 1977

Dada Kalondu,

Waalaikum salaam, ingawa hukunisalimu. Hujabadilika.

Shangazi Halima aliileta barua yako ameishika juu kama bendera, akapita nayo soko zima mpaka kibarazani ninaposhonea. Ndiyo, mimi ni fundi cherehani siku hizi. Nashona sare za shule na kanzu, na wakati mwingine turubai za malori ya Garissa. Nimeoa. Mke wangu ni Mwanamisi, wazee wake walitoka Pate zamani na mzigo wa biashara wakabaki hapa. Tuna mabinti wawili.

Jibu langu ni ndiyo. Mwambie Nzioka kabla hajapata akili akabadili nia.

Tuanze na "Stesheni ya Makindu", wimbo ule uliotunga kwa kukumbuka treni za kwenu ulipokuwa mdogo. Halafu ule wa polepole ambao mlinicheka mkauita "Kanzu ya Faki". Nimewaza hadi wimbo wa tano, na jana nilishona mkono wa shati kwenye shingo kwa sababu nilikuwa nikihesabu mapigo.

Saksafoni ipo. Nimeipaka mafuta.

Nduguyo,
Faki Abdallah


Mbooni
17 Aprili 1977

Kaka Faki,

Salamu basi, usiseme tena kwamba sikusalimu. Mvua imenyesha vizuri na kahawa imetoa maua.

Nimepata shida ya miguu. Kwenye kinanda cha Nzioka, mguu wa kushoto ndio unaobeba besi, na hapa sina umeme wala kinanda cha namna hiyo. Nilimchorea Mbuvi kwenye gunia, akachonga mbao kumi na tatu, akazifunga chini ya meza ya jikoni. Hazitoi sauti yoyote. Kila jioni naketi pale nikikanyaga mbao bubu huku nikiimba besi puani. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kuomba kiti cha harusi akanikuta hivyo. Alimwuliza Mbuvi kama niko sawa. Mbuvi akamjibu, "Anajifunza kutembea."

Nimeupa "Stesheni ya Makindu" mwanzo mpya. Kinanda kinaanza chini kabisa, na wewe unaingia juu, kwa kishindo, kama ulivyokuwa ukifanya mpaka wahudumu wanaacha kubeba chai.

Tukutane Machakos tarehe 14 Mei. Rafiki yangu anafundisha shule yenye ukumbi na kinanda. Tutafanya mazoezi siku nzima.

Kalondu


Kitui
9 Mei 1977

Dada Kalondu,

Nakuomba radhi, Machakos sitaweza. Shule zimefunguliwa na sare zimenizidi. Nimeajiri hata mtu wa kunishonea vifungo.

Nimewaza pia jambo jingine. Yuko kijana wa Mwingi anayeitwa Mwangangi, anapiga saksafoni kwa nguvu, ana mapafu ya ng'ombe. Nimemfundisha nyimbo zetu mbili kwa kumwimbia. Mchukue huyo Agosti. Muziki utatoka vilevile, pengine zaidi, na mimi nitafurahi kuununua dukani kama watu wengine. Jina langu msiliweke.

Usinielewe vibaya. Mambo ya nyumbani tu.

Faki


Mbooni
22 Mei 1977

Faki,

Nimesoma barua yako peke yangu, halafu nikamsomea Mbuvi ili nione kama ni mimi nisiyejua kusoma. Naye hakuielewa.

Kama mkeo hataki upige muziki na mwanamke, sema hivyo. Ni haki yake, na mimi sitaandika tena. Kama ni dini, sema hivyo pia. Mimi nina wazee wangu wa kanisa, nao wameshaniita mara moja kuniuliza hiyo santuri ni ya nyimbo gani. Niliwajibu. Ningekuelewa na wewe. Lakini usiniandikie Machi kwamba unashona mikono ya mashati shingoni kwa furaha, kisha Mei unanitumia kijana wa watu kana kwamba tumekubaliana kuazimana jembe.

Sikutafuta mtu wa kupuliza saksafoni. Wapulizaji wako Nairobi kila kona. Nilikutafuta wewe.

Kalondu Mbuvi


Kitui
3 Juni 1977

Kwa dada Kalondu,

Hunijui. Mimi ni Mwanamisi, mke wa Faki. Barua yako ya mwisho aliiacha juu ya cherehani siku tatu bila kuikunja, ndipo nikaisoma. Nisamehe kwa hilo, na nisamehe kwa haya ninayoandika, maana yeye hajui.

Si mimi niliyemkataza, wala si dini. Faki hana meno ya mbele. Fizi zilianza kuuma mwaka jana, na Januari daktari akang'oa manne ya juu, akasema mengine nayo yamelegea. Tangu hapo anaongea ameweka kiganja mdomoni. Wateja hudhani ni adabu. Barua yako ya kwanza ilipofika alifurahi hata akasahau. Alikuandikia ndiyo, akaipeleka posta, akarudi akaifungua saksafoni. Nilisikia sauti moja imepasuka, kisha kimya. Aliporudi barazani midomo ilikuwa imevimba. Nimemsihi aweke meno ya bandia, anasema kwa saksafoni yatacheza tu, na anaona haya.

Sitakudanganya. Barua zako za kwanza sikuzipenda. Mtu wangu alikuwa mkimya, ghafla anaimba puani kwa sababu ya mwanamke wa Mbooni. Lakini kimya chake cha sasa si kile nilichokizoea. Anakaa mbele ya cherehani na hashoni.

Sijui unaweza kufanya nini. Usimwambie nimekuandikia.

Mwanamisi


Mbooni
11 Juni 1977

Kaka Faki,

Barua yangu ya mwezi uliopita ilikuwa kali kuliko nilivyotaka. Nakuomba uisamehe.

Mbuvi anakuja Kitui kununua mbuzi, na mimi nitafuatana naye. Tutapita kwenu Jumamosi ya tarehe 25. Mwambie mama watoto asijisumbue, tutakula kilichopo. Nitamletea maparachichi na nduma za huku.

Nimemwandikia Nzioka kwamba bila wewe hakuna santuri. Hiyo si ya kukubana, ni habari tu.

Dada yako,
Kalondu


Kitui
10 Julai 1977

Dada Kalondu,

Mumeo hakununua mbuzi hata mmoja. Hata mnadani hakwenda. Alikaa barazani kwangu akanirekebishia mguu wa cherehani, akanywa vikombe sita vya chai. Sikuulizi ulijuaje. Nina mke mmoja na shangazi mmoja, sina haja ya kuuliza sana.

Nilikuwa nimejipanga nitakavyokupokea, kiganja mdomoni, maneno mafupi. Nawe hukungoja hata chai ipoe. "Faki, meno yako yamekwenda wapi?" Miezi mitano hakuna aliyeniuliza. Watu wote walikuwa wakitazama viatu vyangu. Nilicheka kwa mdomo wazi, na binti yangu mdogo akanicheka, na Mwanamisi akaenda jikoni kwa haraka. Nadhani alikuwa akilia, ila hataki kusema.

Na mabishano yale nayakumbuka neno kwa neno.

"Babu yangu alipiga kivoti mpaka alipokufa," ulisema, "na hakuwa na jino hata moja."

"Kivoti ni filimbi. Saksafoni unaiuma kwa meno ya juu."

"Nani alisema ni lazima uiume?"

"Kila aliyenifundisha bendi ya polisi."

"Basi hao hawapo hapa. Funika kwa mdomo."

Nilikasirika. Mlipoondoka nilijaribu ili nipate kukuandikia kwamba umekosea. Nimeikunjia midomo yote miwili, wa juu na wa chini, nikaishika saksafoni kama mtoto anavyoshika titi. Siku nne hakukuwa na kitu, ila mate. Siku ya tano ikatoka sauti, Kalondu, lakini si ile unayoikumbuka. Ni ndogo, na ina upepo pembeni. Ni kama mtu anayekuambia jambo karibu na sikio. Kishindo cha zamani sitakipata tena. Juu kabisa sifiki.

Kwa hiyo "Stesheni ya Makindu" uteremshe, na treni yako iende polepole. Kama unaweza kupiga kinanda chini ya sauti ya namna hiyo bila kuizamisha, nitakuja Agosti.

Faki


Kitui
18 Septemba 1977

Dada Kalondu,

Tangu tuliporudi kutoka studio nilikuwa nikingoja habari, na wiki hii imenifikia kwa Nzioka. Ameandika kwa upole. Anasema amesikiliza kanda zote, kinanda ni kizuri sana, lakini kwangu pumzi inasikika kuliko saksafoni. Anasema wenye maduka watarudisha santuri wakidhani ina kasoro. Anataka ama Mwangangi wa Mwingi aje apige upya sehemu zangu juu ya kinanda chako, ama aweke mwimbaji afunike.

Nimemjibu afanye atakavyo. Mwangangi atapiga vizuri, mimi mwenyewe nilimfundisha.

Tafadhali usigombane naye. Siku mbili zile zilinitosha. Nilikuwa nimeketi mita moja kutoka kwako nikiona mguu wako wa kushoto unatembea peke yake bila kuutazama, nikasema moyoni, haya, hili nimelipata tena. Kazi yako isifungiwe kabatini kwa ajili yangu.

Faki


Mbooni
9 Oktoba 1977

Kaka Faki,

Nimegombana naye.

Nilishuka Nairobi kwa basi la alfajiri tukiwa katikati ya mavuno, Mbuvi akabaki na wachumaji. Nzioka alinipokea kwa soda, akaanza kunieleza habari za soko. Wakamba wanataka gitaa, Nairobi inataka maneno ya kuimba pamoja, na kadhalika. Nilimwacha amalize.

"Ulisema hutaki mwimbaji," nikamwambia.

"Hapo sikuwa nimemsikia Faki."

"Basi futa na kinanda."

"Kinanda hakina shida, Kalondu."

"Kinanda hicho nilikipiga nikimsikiliza yeye. Kila mahali nimeshusha mkono, nimeushusha kwa sababu yake. Ukimwondoa, nitasikika kama mtu anayejibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza."

Alisema nisikilize mwenyewe kasoro anayoisema. Akaweka kanda ya "Kanzu ya Faki", akashika kitufe tayari kuisimamisha mahali hapo. Hapo pakafika, pakapita. Hakusimamisha. Ukaisha wote, ukafuata mwingine, naye bado kidole kiko kwenye kitufe. Soda yangu ilikuwa imeisha na sikutaka kuvuta mrija.

Mwishowe akasema, "Watu hawatanunua."

"Labda."

"Watasema inavuja upepo."

"Waseme."

Akajikuna kichwa, akauliza jina la nani litangulie kwenye jalada. Hapo nikajua tumeshinda. Atatoa chache kwanza, aone. Nimemwambia alitangulize lako, akakataa, kasema alfabeti itafuatwa. Kwa hiyo utakuwa wa kwanza hata hivyo, yeye hajui kwamba F inatangulia K.

Na wewe usikubali tena jambo kwa niaba ya mikono yangu.

Kalondu


Kitui
30 Oktoba 1977

Dada Kalondu,

Umenivunjia ahadi niliyompa mtu.

Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi nikitafuta la kuongeza, na wateja wananisemesha. Asante.

Faki


Kitui
12 Februari 1978

Kwa dada Kalondu,

Salamu kutoka kwa shangazi Halima, kutoka kwa wasichana na kutoka kwangu. Sanduku la santuri lilifika Alhamisi kwa basi, na jana Halima alitoa gramafoni yake akaiweka mlangoni mwa duka.

Nataka kukueleza ilivyokuwa, maana Faki hatakueleza. Yeye alisimama ng'ambo ya barabara, kwa muuza makaa, akijifanya anachagua makaa. Watu walikuja kwa ajili ya kelele, kama kawaida. Wengine waliuliza kuimba kutaanza lini, wakaondoka. Mwalimu mmoja alikaa chini kwenye kreti akabaki mpaka mwisho, kisha akaomba upande wa kwanza urudiwe. Dereva wa lori la Garissa alinunua moja, na gramafoni hana. Alisema atatafuta.

Mimi nilikuwa ndani nyuma ya mashuka. Dada, nimeishi na mtu huyu miaka saba. Nimemsikia akipima midundo kwa kidole mezani, nimesikia mazoezi ya vipande vipande nyuma ya mlango, mara kama mbwa, mara kama mlango wenye kutu. Sikujua kwamba vipande vile vikikaa pamoja vinakuwa hivi. Ningemtambua hata kama nisingeambiwa ni yeye. Anavyopumua pale ndivyo anavyopumua akitaka kuniambia neno gumu na hajui aanze wapi. Nilitoka nikavuka barabara. Muuza makaa aliniuliza nataka madebe mangapi.

Nina swali. Upande wa pili, wimbo wa kwanza, kuna mahali ambapo yeye ananyamaza, na wewe pia unanyamaza, dramu inabaki peke yake kwa muda, kisha mnaingia wote wawili kwa pamoja. Pale ndipo yule mwalimu alipoinua kichwa. Nimemwuliza Faki, amesema ni mtindo tu. Lakini aliposema hivyo aliweka kiganja mdomoni, na siku hizi hafanyi tena hivyo.

Ni mtindo?

Mwanamisi


Mbooni
26 Februari 1978

Mpendwa Mwanamisi,

Si mtindo.

Ilikuwa siku ya pili mchana. Alikuwa amepuliza tangu asubuhi kwa midomo mitupu, na mdomo wa juu ukapasuka. Sikujua mpaka nilipoona kitone cha damu kwenye kanzu yake. Aliishusha saksafoni akajifuta kwa leso. Kanda ilikuwa inazunguka, na Nzioka hakuona kwa sababu hupiga dramu amefumba macho. Ningeweza kuujaza mwanya ule kwa kinanda. Kanisani ndivyo ninavyofanya mhubiri akipoteza ukurasa, na hakuna anayejua. Lakini niliona kwamba nikiujaza, atadhani nimemalizia kwa niaba yake, naye hataiinua tena saksafoni. Nikaondoa mikono, nikaondoa na miguu, nikamtazama tu. Alikunja leso vizuri sana, kama mnavyokunja nguo ya mteja, akaiweka mfukoni. Kisha akanitazama, na tukaingia.

Baadaye tuliurudia wimbo wote bila kosa lolote. Aliposikiliza kanda zote mbili, ni yeye aliyechagua hii yenye mwanya. Hakueleza sababu na sikumwuliza. Mdomo ulipasuka upande wa ndani, ndiyo maana hukuona kitu. Usimgombeze. Au mgombeze kidogo.

Hapa Mbooni santuri zetu zinapigwa kwenye nyumba nne ninazozijua. Wazee wa kanisa waliniita tena wiki iliyopita. Nilikwenda nimejitayarisha kwa maneno, kumbe walitaka kujua kama naweza kufundisha wasichana wawili kinanda, kwa sababu wasichana wenyewe wameomba wafundishwe.

Nzioka naye ameandika. Zile chache zimekwisha Nairobi, hajui ni nani anazinunua, na anataka turudi studio Agosti. Faki atakuambia hawezi, ana sare. Usimsikilize. Funikeni cherehani siku tatu, njoo naye. Pana kiti kimoja kando ya dramu ambacho hakuna anayekikalia. Ukikaa hapo unamwona mdomo wake vizuri.

Dada yako,
Kalondu